Vigogo wanapoanguka mezani: Soko la snuka na bei ya jina

LAMADI, pale barabara ya kwenda Bariadi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ni mji ambao hakuna anayeamini kwamba bei ya asubuhi itafika jioni. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawahangaiki kwenda ziwani, kwa kuwa taa zao hazivuti kitu, na gunia linapanda. Giza likirudi, gunia linashuka. Pamba nayo ina daraja zake, safi mbali na fifi mbali, na mnunuzi anayeamini kilicho juu ya gunia bila kuingiza mkono ndani, hasara ni yake mwenyewe.

Mji wa namna hiyo haukosi meza ya puli. Huwekwa kwenye baraza la baa au chini ya bati la kijiwe, kitambaa kimeanza kuchakaa, na sheria yake inajulikana kutoka Sirari hadi Tunduma: anayeshinda anabaki mezani, anayefungwa anaweka fimbo chini na kumpisha anayelipia mchezo unaofuata. Hapaulizwi jina la mtu. Dereva wa lori aliyesimama kula wali anaweza kumtoa bingwa wa mtaa, akawasha gari akaenda zake, na bingwa akabaki akiwaeleza watu kwamba meza ilikuwa imeinama.

Mchezo mkubwa wa ukoo huo, snuka, unaendeshwa kwa utaratibu tofauti kabisa, na ndiyo sababu yaliyotokea Sheffield, Uingereza, mwezi Aprili na Mei 2024 yanafaa kusomwa na mtu wa biashara hata kama hajawahi kushika fimbo. Huko jina lina bei, bei hiyo inalindwa kwa kanuni, na mwenye jina anaanzia juu. Katika mashindano hayo ya ubingwa wa dunia ya wachezaji wa kulipwa, nusu ya majina yaliyolindwa yalianguka katika mechi ya kwanza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: snuka ilitungwa na maofisa wa jeshi la Uingereza mjini Jabalpur, India, mwaka 1875. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, uso wake ni wa jiwe chini ya kitambaa, na uzito wake unapita tani moja, kwa hiyo si bidhaa ya kubebwa kwenye kirikuu na kuwekwa barazani. Mipira myekundu ni 15, ya rangi nyingine ni sita, na mweupe wa kupigia mmoja. Mchezaji hutumbukiza mwekundu kwa pointi moja, kisha wa rangi, ambao thamani yake ni kati ya pointi mbili na saba, kisha mwekundu tena, hadi akosee. Akikosea anakaa kitini. Mchezo mmoja huitwa fremu, na mechi ni mkusanyiko wa fremu. Jambo la kukumbuka ni hilo la kiti: aliyekaa hana la kufanya, hata awe bingwa wa dunia.

Mashindano ya dunia yamekuwa yakifanyika katika ukumbi wa Crucible tangu 1977, jumba la maigizo lisilofikisha viti 1,000. Wachezaji wanaoingia humo ni 32. Kati yao 16 wa juu katika orodha ya dunia huingia moja kwa moja, na 16 wengine hupatikana kwa mchujo mrefu unaoanza na watu 128. Orodha hiyo haipangwi kwa kura wala kwa maoni ya wataalamu. Inapangwa kwa fedha: kila pauni anayoshinda mchezaji katika mashindano yanayohesabiwa inaandikwa kwenye hesabu yake, na baada ya miaka miwili inafutwa. Kwa lugha ya mhasibu, orodha ya dunia ni daftari la mapato la miezi 24 iliyopita. Haisemi mtu anachezaje leo.

Mwaka 2024 daftari hilo liliumbuka. Wa kwanza kuanguka alikuwa bingwa mtetezi, Luca Brecel wa Ubelgiji. Alikuwa akiongoza fremu 9 kwa 6 na kuhitaji moja tu, akafungwa 10 kwa 9 na David Gilbert, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la familia na ambaye wenzake wamembandika jina la Mkulima Mwenye Hasira. Mark Selby, bingwa mara nne, alitolewa na Joe O'Connor 10 kwa 6. Mark Williams, bingwa mara tatu, alifungwa 10 kwa 9 na kijana wa Kichina, Si Jiahui. Barry Hawkins, Ding Junhui, Ali Carter na Gary Wilson nao walifunga mizigo. Zhang Anda alifungwa 10 kwa 4 na Jak Jones, Mwelisi. Hesabu ilipofungwa, wanane kati ya 16 waliolindwa walikuwa wamekwisha kuondoka. Neil Robertson wa Australia, bingwa wa 2010, hakufika hata ukumbini, mchujo ulimmaliza.

Si hayo tu. Katika robo fainali Stuart Bingham alimtoa Ronnie O'Sullivan, bingwa mara saba, kwa fremu 13 kwa 10, na Jones akamtoa Judd Trump 13 kwa 9. Nusu fainali ikawa na watu wanne, watatu kati yao wakiwa wametoka mchujoni. Aliyebaki wa kundi lililolindwa alikuwa Kyren Wilson, naye alikuwa wa 12 katika orodha. Wilson alichukua ubingwa wake wa kwanza Mei 6 kwa kumfunga Jones 18 kwa 14, baada ya kuanza fainali kwa kuongoza fremu saba bila majibu.

Je, hayo yalikuwa maajabu? Magazeti ya michezo yaliyaita hivyo. Lakini mtu aliyesomea hesabu za biashara atauliza kwanza: katika mwaka wa kawaida, wangetarajiwa kuanguka wangapi?

Chukua mchezaji mwenye nguvu kidogo kuliko mwenzake, kiasi kwamba katika kila fremu 100 anashinda 55. Katika mechi fupi ya kufikisha fremu 4, mchezaji huyo atashinda mechi takriban 61 kati ya 100. Katika mechi ya kufikisha fremu 10, ambayo ndiyo ya raundi ya kwanza Sheffield, atashinda kama 67. Katika fainali, inayochezwa hadi fremu 18, atashinda kama 72. Ndiyo kusema, urefu wa mechi ni bima ya mwenye nguvu: kadiri fremu zinavyoongezeka, ndivyo bahati inavyopungukiwa nafasi. Lakini bima hiyo haifiki mia. Kwenye mechi 16 za raundi ya kwanza, ikiwa kila mmoja wa waliolindwa ana ubora huo mdogo tu, basi watano hivi wataanguka hata pasipo ajabu lolote. Waliporudi nyumbani wanane, ziada ilikuwa watu watatu. Ni mwaka mbaya kwa vigogo, lakini si kiama.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu kijana anayekaa kibandani na simu mkononi akipanga mkeka. Akichagua watatu anaowaita wa uhakika, kila mmoja akiwa na nafasi 67 kati ya 100, nafasi ya wote watatu kushinda kwa pamoja ni 30 tu kati ya 100. Akiwaweka wote 16 wa juu katika mkeka mmoja, atapata mara moja katika mikeka 600. Kampuni za kubashiri zinaijua hesabu hiyo vizuri na zimekwisha kuitia ndani ya bei kabla mteja hajafungua simu, zikajiwekea na faida yao juu yake. Anayepoteza si yule asiyeujua mchezo. Mara nyingi ni yule anayeyajua majina sana.

Hata hivyo hesabu ya fremu haielezi yote. Bingham na Jones waliwatoa O'Sullivan na Trump katika mechi za kufikisha fremu 13, ambazo bahati peke yake haitoshi kuzishinda. Hapa inabidi kutazama bidhaa yenyewe na kuacha lebo. Bingham alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015. Alikuwa mchujoni kwa sababu daftari la miaka miwili lilikuwa limemshusha, na si kwa sababu mkono wake ulikuwa umesahau kazi. Aidha anayetoka mchujoni anaingia ukumbini akiwa amekwisha kucheza mechi za fremu 10 siku chache tu kabla, mechi ambazo kila moja ingeweza kumrudisha nyumbani. Amezoea kasi ya kitambaa, amezoea hofu. Aliyelindwa anaingia baridi. Ulinzi aliopewa ili asichoke unamfanya awe mzito katika fremu za mwanzo, na fremu nne za mwanzo zikipotea, zilizobaki ni za kukimbizana.

Wafanyabiashara wa kanda hii hawahitaji kwenda Sheffield kutafuta mfano. Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994, wakati Lamadi ikiwa bado ndani ya wilaya ya Magu mkoani Mwanza, vyama vikuu vya ushirika vya Nyanza na SHIRECU viliingia kwenye soko huria vikiwa na majina, maghala, vinu na mizani katika kila kijiji. Ndani ya misimu michache wanunuzi binafsi, baadhi yao wasiokuwa na jina lolote mkulima alilolijua, walikuwa wamechukua sehemu kubwa ya zao. Ushirika ulikuwa na mambo mengine mengi yaliyousumbua, madeni yakiwa mbele, na si haki kulinganisha chama cha wakulima na mcheza snuka kwa kila kitu. Lakini kuhusu ulinzi unaogeuka kuwa uzito, mfano unatosha.

Linalosumbua zaidi katika snuka ni mfuko wa mchezaji wa chini. Zawadi za mashindano ya 2024 zilifikia jumla ya pauni 2,395,000. Bingwa alipata pauni 500,000, ambazo kwa viwango vya wakati ule ni kama shilingi bilioni 1.6. Wa pili 200,000. Waliofika nusu fainali 100,000 kila mmoja, robo fainali 50,000, waliotolewa raundi ya pili 30,000, na waliotolewa raundi ya kwanza ukumbini 20,000. Chini ya hapo ni mchujo: 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000. Aliyefungwa katika mechi yake ya kwanza kabisa ya mchujo alitoka mikono mitupu.

Ngazi hiyo ukiitazama kwa makini utaona ukali wake. Mchezaji wa kulipwa hupewa kadi ya miaka miwili, na ikiisha, ni 64 wa juu tu katika orodha wanaobaki na haki ya moja kwa moja. Wengine wanapigania upya nafasi zao au wanatafuta kazi nyingine. Nauli, hoteli, ada za meza ya mazoezi na chakula vinatoka mfukoni mwao. Kwa mtu wa nafasi ya 60 au 70, mechi ya mwisho ya mchujo ina tofauti ya pauni 5,000 kati ya kushinda na kushindwa, na kumwangusha kigogo mmoja ukumbini kuna 10,000 nyingine juu yake. Fedha hizo kwa O'Sullivan ni vijisenti. Kwa mwenzake ni msimu mzima wa nauli na kadi ya kufanyia kazi. Ndiyo maana wawili wanaokaa meza moja hawachezi mchezo mmoja: mmoja anatetea jina, mwingine anatetea ajira.

Jak Jones ndiye kielelezo cha hayo. Aliingia mchujoni akiwa nje ya 40 bora na hajawahi kutwaa taji lolote linalohesabiwa katika orodha. Siku alipofungwa fainali, pauni 200,000 zilimwinua hadi ndani ya 16 bora. Mtu aliyekuwa akigonga mlango akawa ndani ya nyumba, na mwaka uliofuata milango ilifungwa nyuma yake ili kumlinda.

Kampuni za kubashiri zina kumbukumbu zao za aina hiyo, na hazizipendi. Mwaka 1986 Joe Johnson wa Bradford alifika Crucible akiwa hajawahi kushinda hata mechi moja humo. Bei yake ilikuwa pauni 150 kwa kila pauni moja. Akamfunga Steve Davis, mchezaji bora wa miaka ile, fremu 18 kwa 12 katika fainali. Mwaka 2005 Shaun Murphy, kijana wa miaka 22 aliyetoka mchujoni akiwa wa 48 katika orodha, alichukua ubingwa kwa bei hiyo hiyo ya 150. Kabla yao, mwaka 1979, Terry Griffiths wa Wales alikuwa ametoka mchujoni akawa bingwa. Bei ya 150 maana yake ni kwamba soko lilimwona mtu huyo kuwa na nafasi isiyofika moja katika 100. Katika miaka 20 soko hilo hilo lilikosea mara mbili kwa bei ile ile.

Ni lazima kuongeza hapa, kwa haki ya soko, kwamba kila mwaka wapo wachezaji kadhaa wa bei ya 150 ambao hawafiki popote, na fedha zilizowekwa juu yao hazirudi. Habari ya Johnson husimuliwa kwa kuwa ilikuwa moja.

Mwenye mashindano naye ana hasara na faida yake. Jina kubwa linapoondoka siku ya tatu, televisheni inapoteza watazamaji waliokuja kwa ajili ya jina hilo, na kwa sababu tiketi huuzwa miezi mingi kabla, aliyenunua kiti cha nusu fainali akitumaini kumwona O'Sullivan atamkuta Gilbert. Kwa upande mwingine, mashindano ambayo mshindi wake anajulikana mapema hayana cha kuuza. Wadhamini wa puli hapa nchini walilielewa hilo: katika miaka ya 2010 bia ya Safari Lager ilipodhamini mashindano ya taifa ya puli, timu zilianza kuchujwa mikoani, na raha ya watu ilikuwa kuona klabu ya mkoa wa mbali ikiitia jasho ya Dar es Salaam.

Lakini mshangao mkubwa kuliko yote ya 2024 haukuwa mezani. Jina lililoandikwa kwenye mabango ya mashindano hayo lilikuwa la Cazoo, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 2018 kuuza magari yaliyotumika kwa njia ya intaneti. Mwaka 2021 iliingizwa katika soko la hisa la New York kwa thamani ya takriban dola bilioni 7. Ilimwaga fedha kwenye jezi za klabu za mpira, kwenye mbio za farasi, kwenye snuka. Wilson aliinua kombe Mei 6. Kabla mwezi huo haujaisha, Cazoo ilikuwa imekabidhiwa kwa wasimamizi wa mufilisi. Hakuna kampuni ya kubashiri iliyokuwa ikichukua mikeka juu ya nani ataanguka kwanza, bingwa mtetezi au mdhamini, na pengine ingefaa. Kama orodha ya snuka ilivyokuwa, thamani ile ya bilioni 7 nayo ilikuwa ni maelezo ya matumaini ya siku moja, yaliyowekwa kwenye karatasi na kuachwa yazeeke.

Kila kigogo anapoanguka, yapo maswali mawili yanayoulizwa, na la pili huulizwa kwa sauti ya chini. La kwanza ni: alichezaje? La pili: aliuza? Snuka haiwezi kulikwepa swali hilo. Juni 2023 chombo kinachosimamia mchezo huo, WPBSA, kilitangaza adhabu kwa wachezaji 10 wa China katika kesi ya kupanga matokeo na kubashiri. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Mchezo unaochezwa na mtu mmoja mmoja, wengi wao wakiwa na kipato kile cha pauni 5,000 kilichotajwa juu, ni rahisi kununuliwa kuliko mchezo wa watu 11. Fremu moja kuachiwa haionekani. Mpira unakosa tundu kwa unene wa karatasi, na nani atasema ilikuwa makusudi? Ushahidi, mara nyingi, hauonekani kwenye meza. Unaonekana kwenye soko la kubashiri, pale fedha zisizo za kawaida zinapomiminika upande mmoja kabla ya mechi ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Katika hilo mnunuzi wa pamba na mkaguzi wa snuka ni ndugu: wote wawili huanza kushuku pale bei inaposogea bila sababu.

Kati ya hao 10 alikuwamo Zhao Xintong, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2021. Alikiri kuhusika katika mpango wa mwenzake wa kuuza mechi mbili, na kubashiri matokeo ya snuka, akafungiwa miezi 20 iliyoishia Septemba 2024. Adhabu yake ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Wapo waliosema ilikuwa nyepesi mno, na hoja yao ina uzito, maana mwenye duka aliyekamatwa na mizani mbovu hafunguliwi duka jirani na lile lile baada ya mwaka mmoja na nusu bila watu kunong'ona. Wapo pia waliosema alikuwa kijana, alikiri, na ametumikia. Vyovyote iwavyo, aliporudi hakuwa na kadi wala nafasi kwenye orodha. Alirudi kama mchezaji wa ridhaa.

Basi yakaja mashindano ya 2025, yenye zawadi zile zile na mdhamini mpya. Safari hii Kyren Wilson, bingwa mtetezi, alifungwa 10 kwa 9 na Lei Peifan katika raundi ya kwanza. Crucible ina mwiko wake: tangu 1977 hadi mwaka huo hakuna bingwa wa mara ya kwanza aliyeweza kulitetea taji lake humo mwaka uliofuata. Johnson alifika fainali ya 1987 akafungwa na Davis yule yule. Ken Doherty alifika ya 1998 akafungwa. Wilson hakufika hata raundi ya pili.

Na Jak Jones? Aliingia moja kwa moja, akiwa wa 16 kati ya waliolindwa. Hakucheza mchujo. Alikaa akisubiri kujua ni nani atakayepangwa naye kutoka kundi lile alilolitoka yeye mwaka mmoja kabla, na aliyepangwa naye alikuwa Zhao. Jones alifungwa 10 kwa 4, matokeo yale yale aliyompa Zhang Anda alipokuwa yeye ndiye mgeni. Akaenda nyumbani na pauni 20,000.

Zhao aliendelea. Alimfunga Lei 13 kwa 10, Chris Wakelin 13 kwa 5, O'Sullivan 17 kwa 7, na katika fainali Mark Williams, aliyekuwa na umri wa miaka 50, 18 kwa 12. Akawa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Asia, na wa kwanza wa ridhaa kuutwaa ubingwa huo Crucible. Kwenye karatasi ya orodha yalikuwa ni matokeo ya kustaajabisha kuliko yote yaliyotajwa hapa. Kwenye soko hayakuwa hivyo, kwani wabashiri walikwisha kumweka karibu na majina makubwa kabla hajaingia ukumbini. Safari hii waliingiza mkono ndani ya gunia.

Alicheza mechi tisa kuzifikia zile pauni 500,000. Nne kati ya hizo zilikuwa za mchujo, na ya kwanza ilikuwa ile ambayo anayefungwa hupewa mkono, hurudisha fimbo kwenye mkoba wake, na kujilipia nauli ya kurudi.